Nilitoka London ya Nakuru nikaenda kutafuta kibarua Ujerumani, na miezi minne nilikaa bubu

Kwanza niseme mimi nimekulia London. Ukiwa mtu wa Nakuru ushaanza kucheka. Ukiwa si wa Nakuru, jua hii London yetu iko upande wa dampo la Gioto na ule moshi ukigeuka jioni mnafunga madirisha mkiwa bado mnapika. Naiweka hapa mapema juu nikisema tu nimerudi kutoka majuu kuna mtu lazima aulize eti London gani.

Niko nyumbani wiki ya tatu sasa na wageni hawaishi. Mama anauza nyanya na hoho Top Market, na inaonekana kila mteja wake ana mtoto anataka kwenda Ujerumani. Wananiuliza chuo, viza, nauli, baridi. Kazi hakuna anayeuliza, wanachukulia iko tu huko inangoja mtu, vile tu na mimi nilichukulia. Nimerudia hii hadithi mpaka koo imekauka, wacha niiandike mara moja.

Nilienda Oktoba 2023, masta ya takwimu ya miaka miwili, Leipzig, masomo kwa Kiingereza. Chuo chenyewe hakina karo, unalipa ada ya semesta tu, wakati huo ilikuwa euro mia mbili na ushee. Pesa iko kwa ile akaunti ya kufungwa. Mwaka huo ilikuwa euro 11,208, unaiweka yote kabla hujapewa viza, halafu ukifika wanakuachilia 934 kila mwezi kwa miezi 12. Kwa shilingi za wakati huo hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki saba. Kwetu hakuna mtu alikuwa amewahi kuona milioni ikikaa mahali pamoja.

Mama aliuza kaploti kake ka Lanet. Anko yangu ni mwalimu, akachukua loni ya Sacco ya laki saba na nusu, nimlipie elfu ishirini kasoro kidogo kila mwezi. Harambee ilileta kidogo, zaidi ahadi na sufuria za kukodi. Ikabaki laki nne. Hapo ndio nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka tumbo inakaza. Tulikopa hiyo laki nne kwa rafiki ya anko anayeuza spea za magari, tukamwambia ni pesa ya kuonyesha tu, ataanza kurudishiwa Januari, elfu sitini na tano kila mwezi mpaka iishe. Nani alisema nitaweza? Mimi. Nilitoa wapi hiyo imani? Kwa video za watu YouTube wakisema ukifika Ujerumani wiki mbili uko kazini.

Sasa piga hesabu na mimi. 934, toa 278 ya chumba, toa kama 120 ya bima ya afya ambayo si hiari, toa loni ya Sacco, toa deni la spea ambalo lilikuwa linakaribia euro 400. Unabaki na kitu cha ishirini ishirini, na hujala. Na kuna kitu hakuna aliniambia: hiyo akaunti ukimaliza mwaka wa kwanza lazima uonyeshe pesa ya mwaka wa pili, ama kazi yenye mapato yanayotosha, ndio ofisi ya wageni iongeze kibali. Yaani huendi kutafuta kazi ya kununua viatu. Unatafuta kazi ya kukaa nchini.

Mpango wangu ulikuwa niendelee na kazi ya mtandao. Wale wa Njoro mnajua, tukiwa Chuo cha Egerton nusu ya hosteli ilikuwa inaandika insha za wanafunzi wa Marekani usiku. Sijivunii, lakini ndiyo ilinilipia mwaka wa tatu na wa nne. Kumbe kibali cha mwanafunzi kule kinakuruhusu kuajiriwa, kujiajiri hapana, mpaka uombe ruhusa maalum. Imeandikwa kwa ile karatasi ya kibali, kwa Kijerumani, na mimi sikuisoma mpaka Mhindi tuliyekuwa naye darasa moja aniwekee kidole kwa mstari wenyewe. Na hata bila hiyo, soko la insha lilikuwa tayari linakufa, kompyuta imejifunza kuandika. Kuna wale wanakodisha akaunti ya mtu mwingine wabebe chakula kwa baiskeli. Niliambiwa hiyo pia, nikakataa, si kwa utakatifu, ni uoga, ukishikwa umecheza na kibali chako na cha mwenye akaunti.

Basi nikaanza kutuma maombi. Oktoba mpaka Januari nilituma kama sitini na kitu, CV ile ile ya kurasa nne niliyotengenezewa saiba ya mjini, ya Kiingereza, ina mpaka jina la shule ya msingi na hobi kuogelea, na mimi siogelei. Majibu yakirudi yana neno moja, leider. Hilo ndilo neno la Kijerumani nililolijua bila kufungua kamusi, maana yake ni kwa bahati mbaya, na ukiliona mstari wa kwanza funga tu imeli.

Desemba nikapigiwa simu. Ghala la vifurushi lilitaka watu wa msimu wa Krismasi, na dada aliyepiga aliongea Kiingereza. Akauliza, namba ya kodi unayo? Nikasema bado. Akasema nitume ikija. Nikasema sawa. Simu ikakatwa, na hapo nilikuwa nimejichimbia shimo, acha nieleze.

Ukifika Ujerumani kitu cha kwanza ni kuandikisha mahali unaishi, wanaita Anmeldung, unaenda ofisi ya mtaa na karatasi ya mwenye nyumba. Ukishaandikishwa namba ya kodi inakuja yenyewe kwa posta, wiki mbili tatu. Mimi niliandikishwa Novemba mapema. Nikangoja. Novemba ikaisha, Desemba ikaisha. Kila siku napita pale chini ya ghorofa, mtaa wa Grünau, maghorofa marefu ya zege yamefanana kama vibiriti, kuna ukuta mzima wa visanduku vya barua, naangalia cha kwetu kupitia ule mwanya, hakuna kitu. Januari ndio yule Mhindi akanisindikiza siku moja akaangalia sanduku akauliza, jina lako liko wapi?

Jina? Kwetu barua inaenda sanduku la posta, mjini, la shule au la kanisa, hata mzee wa nyumba kumi anatumia hilo hilo. Sikuwahi kufikiria mtu wa posta anasoma majina kwa sanduku moja moja, na akikosa jina anarudisha barua ilikotoka. Nilikuwa nimekodi chumba kwa nyumba ya mtu, sanduku lina jina lake tu. Barua yangu ya kodi ilirudishwa. Ya bima pia. Ya benki yenye namba ya siri, ambayo nilikuwa nimeshalaumu benki kwa imeli mbili za hasira, nayo ilirudishwa. Nilikata kipande cha karatasi ya daftari nikaandika jina la ukoo kwa kalamu ya bluu, nikabandika na selotepu, kazi ya dakika moja. Kuomba namba upya kulichukua karibu wiki nne.

Na unajua kinachouma zaidi? Baadaye nilijua ningeweza kuanza kazi bila hiyo namba. Mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la sita, lile kali kuliko yote, halafu mwaka ukiisha unajaza ritani ya kodi unarudishiwa iliyozidi. Yule dada wa ghala huenda alijua. Lakini sikumuuliza "je naweza kuanza bila hiyo?" Nilisema sawa. Mimi mtu wa Nakuru, niliyekua kwa kibanda ambapo kila asubuhi kuna mtu anapita anasema mama fulani niulizie kazi kwa yule Mhindi wa hadwea, niulizie kazi kwa shamba la maua Naivasha, nilifika ng'ambo nikafunga mdomo.

Nilikuwa naona aibu. Nina digirii, nyumbani wamenipigia vigelegele kwa kanisa, nitaenda kumwambia Mkenya mwenzangu natafuta kazi ya kusafisha? Kulikuwa na kundi la Wakenya wa huko WhatsApp, niliingia, sikuandika hata salamu. Mtu akiniuliza unaendeleaje nasema poa, masomo yamebana. Usiku nakula mchele na mayai, ile ya tatu mfululizo. Mama akipiga simu nazima kamera nisionekane nimekonda.

Siku moja Februari akaniuliza, "Huko mtu hupata kazi aje?" Nikamwambia ni kutuma maombi, mama, mambo ya kompyuta. Akanyamaza kidogo. "Na umeambia nani?" Nikasema hakuna. "Kwani ulienda huko ukawa bubu?"

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu ilikuwa Jumamosi nikaenda Eisenbahnstraße, ile barabara ya maduka ya wageni, kuna duka la Waafrika huwa nanunua unga. Kilo ya unga mweupe hapo karibu euro 3, nilikuwa nausimamia kwanza kabla ya kuubeba. Mwenye duka ni mama wa Bukavu. Miezi yote hiyo tulikuwa tunasalimiana tu. Siku hiyo nikaweka unga kwa kaunta nikamwambia, mama, mimi natafuta kazi, yoyote, na mdomo ulikuwa umekauka kama nimemeza huo unga.

Akaniangalia juu ya miwani. "Weye unakuyaka hapa kila juma, unasemaka jambo na aksanti tu. Batu batajua aje?" Akachukua simu hapo hapo akapigia mtu, Kifaransa kikapita, Kijerumani kikapita, akakata. "Kesho kutwa saa moja ya asubuhi, na uvae viatu vya kufungwa."

Ilikuwa kazi ya vyumba vya hoteli. Mkataba ulisema euro 12.41 kwa saa, ndio ilikuwa kima cha chini cha 2024, masaa 5 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Msimamizi anakupa karatasi ya vyumba 14. Kuna chumba mgeni ameondoka na kuna chumba mgeni bado yuko, na cha kuondoka ndicho kinakuua: shuka zote, foronya, kikombe, nywele kwa mfereji wa bafu, halafu kioo. Anakuja nyuma yako na kidole anapitisha juu ya kichwa cha shawa, mahali hakuna binadamu huangalia. Foronya ya blanketi nilifundishwa na mama mmoja wa Eritrea, unaigeuza ndani nje, unaingiza mikono mpaka pembe za mwisho, unashika pembe za blanketi kupitia hapo, unapiga mara moja inajivisha. Mwanzoni nilikuwa naingia ndani ya foronya mwenyewe kama mzuka. Vyumba 14 vilinichukua masaa 7, wakati mwingine 8. Kwa karatasi msimamizi anaandika 5. Nikiuliza anasema wewe ni polepole.

Mama Mueritrea aliniambia andika. Daftari dogo, kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba za vyumba. Niliandika wiki tisa. Kuna ushauri wa bure wa haki za kazi kwa watu wa nje ya Umoja wa Ulaya, unaitwa Faire Integration, nilienda na lile daftari, wakanisaidia kuandika barua. Kampuni haikujibu, halafu mwezi mmoja baadaye ikaingia euro 310 kwa akaunti bila maelezo. Haikuwa yote. Nilikuwa nimeshaacha kazi.

Nilihamia vifurushi, usiku. Hapa sina mengi, ni mkanda, ni maboksi, ni mgongo. Ila kuna mtego wa siku ambao lazima niuseme vizuri juu nusu ya watu wanaopotea wanapotelea hapo. Mwanafunzi kutoka nje ya Ulaya ana siku za kufanya kazi kwa mwaka wa kalenda. Nilipofika zilikuwa siku 120 nzima au 240 nusu, Machi 2024 zikaongezwa kuwa 140 na 280, na sheria hiyo mpya ikaleta pia njia ya kuhesabu kwa wiki. Kila mtu anajua hizo namba. Kitu watu hawajui ni nusu siku ni mpaka masaa 4. Shifti yangu ilikuwa masaa manne na nusu. Ukihesabu kwa siku, hiyo nusu saa inafanya siku iwe nzima! Shifti tatu kwa wiki, wiki 52, fanya hesabu mwenyewe. Mimi niliifanya mwezi wa sita nikatokwa na jasho, nikaenda kwa msimamizi, safari hii nikafungua mdomo, nikaomba anipunguzie iwe manne kamili. Akasema sawa. Ndio hivyo tu, sekunde kumi.

Huku nyumbani shilingi nayo ikanicheza. Januari 2024 nikituma euro 100 inafika elfu kumi na saba na zaidi. Aprili hiyo hiyo 100 inafika kama elfu kumi na nne. Nchi nzima inashangilia shilingi imepata nguvu, mimi niko Grünau nalia juu deni la mtu wa spea liko kwa shilingi. Badala ya kuisha Juni, lilinimaliza mpaka Novemba. Aliacha kupokea salamu za anko kanisani kwa muda, lakini hakutupeleka popote, Mungu ambariki. Msikope pesa ya kuonyesha. Kama haitoshi, ngoja intake nyingine, mwaka mmoja nyumbani Nakuru haujaua mtu.

Kazi iliyonitoa ilikuwa kwa korido ya idara yetu, imebandikwa kwa ubao, nimeipita labda mara mia. Ilikuwa kwa Kijerumani kwa hiyo macho yaliiruka. Mwezi wa tisa nikiwa nasoma Kijerumani cha kiwango cha B1 kituo cha lugha cha chuo nikasimama nikaisoma kwa mazoezi tu: wanatafuta mwanafunzi msaidizi, masaa 10 kwa wiki, kusafisha data. Nikamfuata lekcha baada ya darasa, Kijerumani changu kimevunjika kama gilasi, der na die, vile vijineno vya mbele ya nomino, vimebadilishana viti, akanisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa Kijerumani, polepole. Nikaanza Oktoba. Na kazi ya msaidizi wa chuo haihesabiwi kwa zile siku 140. Soma hapo tena. Mwaka mzima nahesabu siku kama mfungwa na kazi isiyohesabiwa iko hatua thelathini kutoka kwa kiti changu.

Kibali cha mwaka wa pili, wakati huo walikuwa wanataka 992 kwa mwezi, nilipata kwa mikataba miwili, wa chuo na wa vifurushi, pamoja na stetimenti za benki. Ofisi ya wageni ilichukua wiki nyingi kujibu, ila unapewa karatasi ya kusubiri nayo. Ipige picha, ndio usalama wako.

Masta nilimaliza Oktoba 2025. Sasa nina kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yangu, na bado sijaipata, nisije nikawadanganya. Leider nimepata kama kumi na tisa tangu Septemba. Tofauti ni kwamba siku hizi naelewa sentensi inayofuata, na mara mbili nimepiga simu kuuliza walikosa nini kwangu, mmoja akaniambia CV yako ni nzuri rudi kwetu ukiwa na B2. Nina mtihani Februari. CV imekuwa kurasa mbili, kuogelea nilitoa.

Jana kijana wa jirani alikuja kuaga mapema, anaondoka Machi, chuo ni huko huko Leipzig. Amebeba faili, ameulizia jaketi, ameulizia kama atabeba unga. Nikampa namba ya mama wa Bukavu nikamwambia mpigie sasa hivi nikiwa hapa. Akashika simu akaangalia ukuta. "Sasa dada, nitamwambia nini? Hanijui."

Nikamwambia salimia kwanza. Ikaanza kuita. Akafunika simu na mkono akaninong'onezea, "Nimwambie nina digirii?"